Hela za Benki ya Dunia Zinafikaje Shambani Kwako? Si kwa Njia Uliyoambiwa



Leo siongelei viwavijeshi wala mbolea ya kukuzia. Naongelea hela, tena zile kubwa tunazozisikia kwenye taarifa ya habari: "Benki ya Dunia yaidhinisha mkopo", "IMF yatoa fedha", "Benki ya Maendeleo ya Afrika yasaini mkataba". Sababu ni hii hapa.

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja alinifuata ofisini kwangu kata akiwa na fomu kwenye bahasha. Kikundi chao kina watu 14. Kila mmoja alitoa shilingi 25,000 kama "ada ya usajili" ili wapate ruzuku ya milioni 40 kutoka Benki ya Dunia. Fomu ina nembo, ina mhuri, ina sehemu ya picha. Akaniuliza, "Bwana shamba, hizi hela zinatoka lini?"

Ilibidi nimwambie ukweli: hazitoki, kwa sababu hazipo. Yule aliyewaandikisha simu yake haipatikani tena. Shilingi 350,000 zimekwenda. Kwa bei ya elfu sabini, hiyo ni mifuko mitano ya mbolea ya kupandia.

Lakini kabla hajaondoka akaniuliza swali lingine, na hili ndilo limenifanya niandike: "Sasa yale mabilioni wanayotangaza yanakwenda wapi? Mbona sisi hatuyaoni?"

Ni swali la haki. Tulijibu.

Kwanza, nani ni nani

Watu wengi wanachanganya haya mashirika, na tapeli anakula kwenye huo mchanganyiko. Tuyatenganishe kwa kazi zake.

Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia walizaliwa pamoja, Julai 1944, kwenye mkutano wa nchi 44 uliofanyika Bretton Woods, Marekani. Kazi zao ni tofauti. IMF anaiangalia nchi inapoishiwa fedha za kigeni au bajeti yake inapoyumba. Anaikopesha serikali, na fedha zinaingia Benki Kuu au Hazina. IMF hajengi ghala wala hachimbi kisima.

Benki ya Dunia ndiye anayefadhili miradi: barabara, umeme, maji, elimu, ardhi, kilimo. Ndani yake kuna mfuko unaoitwa IDA, ulioanzishwa mwaka 1960 kwa ajili ya nchi zenye kipato cha chini. Nchi tajiri zinauchangia kila baada ya miaka mitatu. Mikopo ya IDA ina gharama ndogo sana na muda mrefu wa kulipa, unaoweza kufika miaka 30 hadi 40. Kuna pia IFC, tawi lililoanza mwaka 1956, ambalo linakopesha na kuwekeza kwenye kampuni na mabenki ya biashara, si kwa serikali.

Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB), yenye makao makuu Abidjan, inafanya kazi inayofanana na hiyo ndani ya bara letu. Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD), wenye makao makuu Roma, unahusika na wakulima wadogo na watu wa vijijini tu.

Halafu kuna Shirika la Biashara Duniani (WTO), lililoanza tarehe 1 Januari 1995 huko Geneva. Huyu si benki. Hana mkopo wa kukupa. Kazi yake ni kanuni: nani aruhusiwe kuuza wapi, kwa ushuru gani, na nchi ikikataa mzigo wako lazima iwe na sababu gani.

Umeona jambo moja hapo? Hakuna hata mmoja anayemkopesha mkulima mmoja mmoja wala kikundi cha kijijini moja kwa moja. Benki ya Dunia inasaini na Wizara ya Fedha. Haisaini na kikundi chenu. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hiyo ni hela ya halmashauri yako. Haina uhusiano na Benki ya Dunia.

Kwa hiyo mtu akikwambia "lipia fomu upate hela ya Benki ya Dunia", mazungumzo yaishie hapo hapo.

Sasa zinafikaje?

Fikiria mfereji wa umwagiliaji. Maji yanatoka kwenye banio juu kule, yanashuka kwenye mfereji mkuu, yanaingia mifereji ya kati. Hakuna anayekuletea maji kwenye ndoo mpaka kwenye tuta lako. Ni wewe unayekata mfereji mdogo wa kuyaingiza shambani. Usipokata, yanapita mbele yako unayaangalia.

Hela hizi zinapita hivyo hivyo. Nitakuonyesha mifereji mitano ninayoijua.

*1. Barabara*

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mradi wa barabara za vijijini unaoitwa RISE. Iringa, Lindi na Geita ni kati ya mikoa iliyoanza nayo. Hakuna kijana aliyeingiziwa shilingi kwenye simu. Lakini piga hesabu na mimi.

Tuseme una tani tatu za parachichi. Mnunuzi anakwambia, "Bei ningekupa nzuri, ila barabara yenu inaua gari," anakata shilingi 200 kwa kila kilo. Umepoteza 600,000 kwa mzigo mmoja, na hapo sijahesabu matunda yaliyochubuka. Barabara ikipitika mwaka mzima, hiyo ni hela yako ya kila msimu. Ila kuna sharti: lazima ujue barabara imeboreshwa, na ukae na mnunuzi mjadili bei upya. Nimeona barabara inajengwa na bei inabaki ile ile, kwa sababu hakuna aliyefungua mdomo. Faida yote ikaingia mfukoni mwa dalali.

*2. Ghala na sumukuvu*

Wauza mahindi mnakumbuka Machi 2021. Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha asili, na uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hiyo ni sawa na gramu moja ndani ya tani 100. Kidogo sana, siyo?

Tulikuwa tayari na mradi wa kudhibiti sumukuvu uitwao TANIPAC. Fedha zake kubwa zilitoka kwenye GAFSP, mfuko wa kimataifa wa kilimo na chakula ulioanzishwa mwaka 2010 na kuhifadhiwa Benki ya Dunia, na msimamizi akawa AfDB. Ndani yake kulikuwa na maghala, maabara na mafunzo kwa wakulima na maafisa ugani.

Sasa ghala linajengwa, halafu mkulima bado anaanika mahindi kwenye udongo na kuyafunga yakiwa na unyevu. Ghala zuri haliponyi mahindi yaliyokwisha kuota ukungu shambani. Ukianika juu ya turubai, ukapima unyevu ukashuka mpaka asilimia 13 au chini yake, ndipo lile ghala linakuwa na maana kwako.

*3. Dhamana ya mkopo*

Huu ndio mfereji ambao vijana wengi hawaujui, na walioujua wengine wanauelewa vibaya.

Benki inaogopa kilimo. Mvua ikikata, mkulima halipi. Ndiyo maana wanataka nyumba au kiwanja. Kijana wa miaka 24 nyumba ataitoa wapi? Hapo ndipo Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) inapoingia na Mfuko wa Udhamini wa Mikopo kwa Wakulima Wadogo (SCGS), ulioanza mwaka 2018. Mtaji wake wa mwanzo ulitokana na mradi wa MIVARF, uliofadhiliwa na IFAD pamoja na AfDB.

Mfuko huu hautoi mkopo. Unaiambia benki ya biashara: "Mkopeshe huyu. Akishindwa kulipa, sehemu ya hasara tunabeba sisi." Tuseme unaomba milioni 10 na mfuko unabeba nusu. Benki iko hatarini kwa milioni 5, si 10. Moyo unatulia na masharti ya dhamana yanalegea.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Dhamana hiyo inailinda benki. Haikulindi wewe. Nimeshasikia vijana wakisema, "Huu mkopo una mdhamini, tusipolipa serikali italipa." Hapana. Usipolipa, bado unadaiwa zote milioni 10 na riba, na jina lako linaingia kwenye taarifa za wakopaji ambazo kila benki inazisoma. Ukirudi kesho kuomba mtaji wa trekta, wanafungua kompyuta, wanatabasamu, wanakwambia "tutakupigia".

Kuhusu riba: tangu mwaka 2021 Benki Kuu iliweka utaratibu wa kuzipa unafuu benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Ukiingia benki uliza wazi kabisa: "Mna mkopo wa kilimo wa asilimia 10 kushuka chini? Mko kwenye mpango wa dhamana wa TADB?" Usipouliza, unaweza kupewa mkopo wa biashara wa kawaida wenye riba ya kukuumiza.

*4. Hati ya ardhi*

Desemba 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa kuboresha usalama wa milki za ardhi, chini ya Wizara ya Ardhi. Kwa lugha ya kijijini: kupima na kutoa hati, zikiwemo hati za hakimiliki ya kimila.

Kijana, timu ya upimaji ikija kijijini kwenu, usiende mnadani siku hiyo. Kaa shambani, simama kwenye mpaka wako, jirani awepo. Na dada zangu, hakikisheni jina lenu linaandikwa. Shamba la mume na mke liandikwe majina mawili. Hati yenyewe siyo hela, lakini ni karatasi ambayo afisa mikopo anaweza kuishika mkononi.

*5. Dola na mbolea*

Huu mfereji hauonekani kwa macho. Mbolea yetu nyingi inanunuliwa nje kwa dola. Nchi ikiishiwa dola, mwagizaji anahangaika, meli inachelewa, na mfuko unapanda bei. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, mfuko wa kilo 50 wa DAP ulikuwa zaidi ya laki moja hapa kwetu, mpaka serikali ilipoweka ruzuku. Mwaka 2023 uhaba wa dola ulisikika nchi nzima.

Hapo ndipo IMF anapohusika. Julai 2022 aliidhinishia Tanzania mpango wa miezi 40 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1, wa kutolewa kwa awamu. Hela hiyo haijanunua mfuko wako wa mbolea. Kazi yake ni kusaidia akiba ya fedha za kigeni na bajeti visianguke. Ni kama kina cha maji kwenye bwawa. Mkulima wa chini halioni bwawa, lakini likikauka anajua.

Upande wa soko: ushuru ni sifuri, mbona mzigo unarudi?

Mikopo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kanuni za biashara, na kwa ninyi mnaolima parachichi, maharage machanga au pilipili, hii inaweza kuwa kubwa kuliko mkopo wowote.

Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya unaruhusu nchi zilizo kwenye kundi la maendeleo duni zaidi kuingiza karibu kila kitu bila ushuru wala ukomo wa kiasi, isipokuwa silaha. Tanzania imo, na majirani zetu Uganda, Rwanda na Burundi wamo. Kenya haimo kwenye kundi hilo. Wao ilibidi wajadiliane mkataba wao na Ulaya, ulioanza kutumika Julai 2024.

WTO naye, mkutano wake wa mawaziri uliofanyika Nairobi Desemba 2015 ulifikia uamuzi wa kufuta ruzuku za kusafirisha mazao nje. Maana yake, nchi tajiri isimlipe mfanyabiashara wake ili amwage bidhaa kwenye soko lako kwa bei ya kutupa. Ni hatua nzuri. Lakini ruzuku wanazowapa wakulima wao ndani ya nchi zao hazikuguswa na uamuzi huo, na bado ni kubwa. Mkulima wa pamba wa kwetu anashindana na mtu anayesaidiwa na hazina ya nchi yake. Hapo hatujashinda.

Sasa tuseme ushuru ni sifuri. Mbona mzigo unakataliwa? Kwa sababu mlango wa pili ni viwango. Kanuni za WTO zinaruhusu nchi kukataa chakula au mmea kwa sababu za kiafya, mradi iwe na msingi wa kisayansi na isibague. Kwa hiyo Ulaya ikisema hakuna masalia ya kiuatilifu fulani, hiyo inawahusu wote, na wewe umo.

Mfano halisi: kiambato kinachoandikwa *chlorpyrifos* kwenye lebo. Tangu mwaka 2020 Ulaya imekipiga marufuku mashambani kwao na kushusha kiwango cha masalia mpaka miligramu 0.01 kwa kilo ya chakula. Ni ile ile gramu moja kwenye tani 100. Ukipuliza leo kwa sababu jirani alikuambia "hii ndiyo kiboko", ushuru sifuri hautakusaidia. Tunda lako peke yako linaweza kuharibu kontena la wakulima 30.

Upande wa China, Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Beijing, nchi zetu zilisaini makubaliano ya kuuza parachichi mbichi kule. Vijana wengi mlishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini soma maana yake: makubaliano ya namna hiyo yanataka shamba na nyumba ya kufungashia visajiliwe, wadudu waharibifu wadhibitiwe na kumbukumbu ziwepo. Mlango umefunguliwa kwa mashamba yaliyosajiliwa. Parachichi za chini ya mti nyuma ya nyumba bado ziko nje ya mlango.

Na usivune mbichi sana kwa sababu umeona bei ya mwanzo wa msimu. Kwa Hass, kiwango cha chini kinachotumika kwenye biashara ya kimataifa ni asilimia 21 ya vitu vikavu kwenye nyama ya tunda. Chini ya hapo tunda haliivi vizuri, linanyauka, na jina la mkoa mzima linachafuka.

Tuseme na ubaya wake

Nisije nikaonekana mpiga debe wa mashirika. Wazee wetu wana kumbukumbu nyingine.

Mwaka 1986 nchi yetu ilikubaliana na IMF baada ya hali ya uchumi kuwa mbaya. Masharti yakaja: shilingi ishushwe thamani, matumizi yapunguzwe, ruzuku ziondoke. Ruzuku ya mbolea ikapungua hatua kwa hatua mpaka ikaisha miaka ya 1990. Waulize wazee wa Nyanda za Juu Kusini waliokuwa wanalima mahindi mengi. Watakuambia mbolea ilivyogeuka kuwa kitu cha matajiri.

Halafu angalia dunia inavyozunguka. Mwaka 2009 Benki ya Dunia hiyo hiyo iliidhinisha dola milioni 160 zilizosaidia mpango wa vocha za mbolea na mbegu kwa wakulima wa Tanzania. Yaani kilichoondolewa kwa masharti ya wakopeshaji kikarudishwa kwa mkopo.

Na mikopo ni mikopo. Ilipofika miaka ya 1990 madeni yalitulemea, mpaka ukaanzishwa mpango wa kimataifa wa kusamehe nchi maskini zenye madeni makubwa, mwaka 1996. Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya msamaha huo Novemba 2001. Kipindi hicho hicho ada za shule za msingi zilifutwa. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikaa darasani kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana nakereka nikiona mradi wa mkopo unaharibiwa. Pampu ya umwagiliaji ikiibwa, ghala likigeuzwa ukumbi wa harusi, deni haliibwi na wala haligeuki. Mkopo wa IDA uliosainiwa leo unaweza kumalizika kulipwa wewe ukiwa na wajukuu. Utaulipa kwenye kodi ya mafuta, kwenye VAT na kwenye ushuru wa mazao. Kwa hiyo ukiona "mradi umefadhiliwa na Benki ya Dunia", usisome "zawadi". Soma "tumekopa, na mimi ni mmoja wa wadaiwa". Ukishasoma hivyo, kuuliza maswali kwenye mkutano wa kijiji ni haki yako na wajibu wako.

Ukate vipi mfereji wako

Haya, tufike kwenye kazi.

Moja: jua miradi iliyopo kwenye halmashauri yako. Nenda idara ya kilimo, soma ubao wa matangazo, uliza kwa mtendaji. Uliza maswali matatu: mradi unaitwaje, unafadhiliwa na nani, na mkulima anaingiaje. Taarifa za miradi ya Benki ya Dunia na AfDB ziko wazi mtandaoni kwao. Mradi usioonekana huko wala halmashauri haiufahamu, ukimbie.

Mbili: andaa karatasi kabla ya fursa. Kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki inayopitisha mauzo yako na usajili wa mkulima. Fursa inaweza kuja na siku 14 tu za kuomba. Ukianza kutafuta kitambulisho siku ya 10, umeshachelewa.

Tatu: weka daftari. Ulipanda lini, ulipuliza nini, kipimo gani, ulivuna lini, uliuza kilo ngapi, kwa nani. Daftari moja la shilingi 2,000 linafanya kazi mbili: afisa mikopo anaona biashara, na mkaguzi wa parachichi anaona usalama. Ukitaka kupuliza dawa, picha ya lebo itume kwa afisa ugani wako kwanza.

Nne: jiunge na wenzako. Mafunzo, maghala, vyumba vya ubaridi na usajili wa mashamba vingi vinapita kwenye AMCOS au vikundi vilivyosajiliwa. Ukiwa peke yako na ekari moja na nusu, huonekani. Mkiwa 40, mnunuzi anakuja na gari lake.

Tano: kopa kwa hesabu. Usikope kwa sababu mkopo upo. Andika gharama, andika mavuno ya mwaka mbaya, siyo ya mwaka mzuri. Kama kwa mavuno ya mwaka mbaya bado unaweza kulipa angalau nusu ya marejesho bila kuuza shamba, kaa na benki mzungumze ratiba inayofuata msimu. Kama huwezi, subiri. Kusubiri msimu mmoja hakujawahi kumfilisi mtu.

Nikirudi kwa yule kijana

Tulikwenda naye polisi, taarifa ikaandikwa. Zile 350,000 sijui kama zitarudi, na sikumdanganya kwamba zitarudi.

Tulipotoka tulikaa chini ya mti nikamchorea mfereji kwenye vumbi, kama nilivyowaeleza ninyi hapa. Akauliza, "Kwa hiyo sisi tuko wapi kwenye huo mchoro?" Nikamwambia, mna shamba la mita chache kutoka mfereji mkuu, ila hamjachimba. Wiki iliyopita wametuma majina 11 kati ya 14 kwa afisa ushirika. Watatu wamekata tamaa, na siwalaumu. Hao 11 wana daftari moja, namba za mlipakodi sita, na ekari 17 za parachichi za mwaka wa pili.

Nikawaambia wasiniletee fomu yoyote yenye ada bila kunionyesha kwanza. Na wewe unayesoma, fanya hivyo hivyo kwa afisa ugani wa kata yako. Tumewekwa kwa kazi hiyo, na hatutozi.

Kazi njema, na tukutane shambani.